Umeme wa maji nchini Tanzania

Umeme wa maji nchini Tanzania ni umeme unaozalishwa kwa kutumia nguvu ya maji ya mito yanayoshuka kutoka nyanda za juu kuelekea mabonde na Bahari ya Hindi. Vituo vikubwa ni Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani Mpya katika bonde la mto Pangani. Mtera, Kidatu, Kihansi na Julius Nyerere katika bonde la mto Rufiji. Na Rusumo kwenye mto Kagera, ambacho Tanzania inakimiliki pamoja na Rwanda na Burundi. Isipokuwa Rusumo, vituo hivyo vinaendeshwa na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO).

Uwezo wa vituo saba vya TANESCO ni megawati 2,676 kwa jumla. Zaidi ya asilimia 95 ya uwezo huo imo katika bonde moja tu, yaani la Rufiji. Kwa sababu hiyo mvua inayonyesha au kukosekana Mbeya, Iringa, Njombe na Morogoro ina uhusiano wa moja kwa moja na taa ya mkazi wa Mbagala au Tegeta, hata kama mvua imenyesha vizuri jijini Dar es Salaam.

## Jinsi kituo kinavyofanya kazi

Maji yaliyo mahali pa juu yana nguvu iliyohifadhiwa. Yanapoachiwa kushuka kupitia bomba au handaki, nguvu hiyo inakuwa mwendo. Chini kabisa maji hupiga mapanga ya turbini, yaani gurudumu la chuma linalozunguka. Turbini huzungusha jenereta, na jenereta hutoa umeme. Maji yenyewe hayatumiki yakaisha; yakishatoka kwenye turbini hurudi mtoni na kuendelea na safari.

Kiasi cha umeme hutegemea mambo mawili: wingi wa maji yanayopita kila sekunde, na kimo cha anguko lake. Hesabu yake ni rahisi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Ikishuka mita moja kila sekunde hutoa kilowati 9.8, na karibu moja ya kumi ya nguvu hiyo hupotea kwenye bomba na mitambo.

Vituo viwili vya Tanzania vinaonyesha tofauti hiyo vizuri. Kihansi ina anguko la takriban mita 850. Mita moja ya ujazo kwa sekunde hutoa huko karibu megawati 7.5, hivyo mita za ujazo 24 tu kwa sekunde zinatosha kuendesha mitambo yote ya megawati 180. Kidatu ina anguko la takriban mita 175. Mita moja ya ujazo hutoa karibu megawati 1.5, hivyo kituo kinahitaji takriban mita za ujazo 130 kwa sekunde ili kifikie megawati zake 204. Mto mdogo wa mlimani unaweza basi kukaribia kuzalisha sawa na mto mkubwa wa bondeni.

Ni muhimu pia kutofautisha uwezo wa mitambo na umeme unaozalishwa. Megawati zilizoandikwa kwenye mitambo ni kiwango cha juu kinachowezekana maji yakiwepo ya kutosha. Maji yakipungua, mitambo ni ileile lakini umeme hupungua.

## Historia

Umeme ulianza kutumika Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa utawala wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walipokaa wakoloni. Umeme huo haukutokana na maji. Vituo vya maji vilianza kupata umuhimu wakati wa utawala wa Waingereza, hasa miaka ya 1930, kilipojengwa kituo cha kwanza kwenye maporomoko ya mto Pangani.

Baada ya uhuru serikali ilichagua mito kuwa msingi wa umeme wa nchi, kwa kuwa Tanzania haina mafuta yake na dizeli ilibidi inunuliwe kwa fedha za kigeni. Hale ilianza mwaka 1964, Nyumba ya Mungu mwaka 1968, na Kidatu mwaka 1975. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika miaka ya mvua nzuri, zaidi ya asilimia 90 ya umeme wa gridi ya taifa ulitokana na maji. Kuanzia mwaka 2004 gesi asilia ya Songo Songo ilianza kuendesha mitambo ya Ubungo, na baadaye vituo vya gesi vya Kinyerezi viliongezwa.

## Vituo vikubwa

* Hale, mto Pangani: megawati 21, mwaka 1964
* Nyumba ya Mungu, mto Pangani: megawati 8, mwaka 1968
* Kidatu, mto Ruaha Mkuu: megawati 204, mwaka 1975 na 1980
* Mtera, mto Ruaha Mkuu: megawati 80, mwaka 1988
* Pangani Mpya, mto Pangani: megawati 68, mwaka 1995
* Kihansi, mto Kihansi: megawati 180, mwaka 1999 na 2000
* Julius Nyerere, mto Rufiji: megawati 2,115, mwaka 2024 na 2025
* Rusumo, mto Kagera: megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu

## Bonde la Pangani

Mto Pangani hupata maji yake kutoka milima ya Kilimanjaro na Meru kupitia mito ya Kikuletwa na Ruvu ya kaskazini, ambayo haihusiani na mto Ruvu unaolisha mabomba ya Dar es Salaam. Mito hiyo miwili hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katikati ya miaka ya 1960. Mitambo ya hapo ni midogo. Kazi kubwa ya bwawa ni kuhifadhi maji ya masika ili yatumike kiangazi kwa umwagiliaji, uvuvi na vituo vilivyo chini, yaani Hale na Pangani Mpya mkoani Tanga.

Pangani Mpya ilichukua nafasi ya kituo cha zamani cha wakati wa ukoloni, na ilijengwa kwa msaada wa Norwei, Uswidi na Ufini. Kwa miaka mingi vituo vya bonde hili havijafikia uwezo wake wote katika kiangazi, kwa kuwa mashamba ya miwa, mpunga, mboga na maua yaliyo juu ya mto huchukua maji kabla hayajafika kwenye turbini, na miji ya Moshi na Arusha imekua sana.

## Mtera na Kidatu

Kidatu, mkoani Morogoro, ilijengwa kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia na Uswidi. Awamu ya kwanza ilikamilika mwaka 1975 na ya pili mwaka 1980. Mitambo yake minne ya megawati 51 imo ndani ya mwamba, chini ya ardhi, na umeme wake husafirishwa kwa njia ya kilovolti 220 kupitia Morogoro hadi Ubungo.

Bwawa la Kidatu ni dogo. Kidatu peke yake isingeweza kuvuka kiangazi kirefu, na ndiyo sababu lilijengwa bwawa la Mtera, takriban kilomita 170 juu yake, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Dodoma. Mtera lilikamilika mwaka 1980 na lina uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 3.2, zaidi ya mara ishirini ya Kidatu. Kwa miaka minane ya mwanzo halikuwa na mtambo wowote. Lilikuwa ghala la maji ya Kidatu. Mitambo miwili ya megawati 40 ilianza kazi mwaka 1988. Tangu hapo maji yaleyale huzalisha umeme Mtera, hurudi mtoni, kisha huzalisha tena Kidatu.

Kina cha Mtera kimekuwa kipimo kinachofuatiliwa na wananchi wengi. Bwawa likijaa maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalisha umeme ni mita 690. Tofauti yote kati ya mwanga na giza ni mita nane na nusu. Kwa kuwa bwawa ni pana na sehemu zake nyingi zina kina kifupi, jua la Dodoma huchukua maji mengi kwa mvuke kila mwaka.

## Kihansi

Mto Kihansi unatoka kwenye milima ya Udzungwa na kuporomoka ghafla kuelekea bonde la Kilombero. Kituo kilianza kazi mwaka 1999 na mitambo yake mitatu ya megawati 60 ilikamilika mwaka 2000. Bwawa lake ni dogo sana, hivyo kituo hutegemea maji yanayotiririka siku kwa siku. Misitu ya Udzungwa hupokea mvua nyingi na kuiachia polepole, na kwa hiyo katika miaka ya ukame Kihansi imekuwa tegemeo wakati Mtera na Kidatu zinapopungukiwa.

Ujenzi huo uligusa kiumbe kimoja ambacho hakijawahi kuonekana mahali pengine duniani. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Ni mdogo kuliko urefu wa kidole, hazai mayai bali watoto walio hai, na makazi yake yalikuwa takriban hekta mbili za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye handaki, sehemu kubwa ya manyunyu yalitoweka. Vinyunyizio viliwekwa, lakini mwaka 2003 idadi ya vyura ilishuka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani kote uligunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira ya asili.

Hakutoweka kabisa, kwa sababu mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani na kuzalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi. Vinyunyizio vinaendelea kufanya kazi, na kiasi cha maji huachwa kipite mtoni bila kuzalisha umeme.

## Julius Nyerere

Kabla ya kuingia tambarare za pwani, mto Rufiji hupita kwenye korongo jembamba lililojulikana kwa jina la Stiegler, Mjerumani aliyeuawa na tembo mahali hapo mwaka 1907. Wazo la kujenga bwawa hapo ni la zamani. Mwaka 1975 iliundwa mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji (RUBADA), na uchunguzi mwingi ulifanyika, lakini gharama na ukubwa wa mradi ukilinganishwa na mahitaji ya wakati huo vilizuia ujenzi.

Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Desemba 12, 2018 na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Gharama ilikuwa takriban shilingi trilioni 6.5, zilizolipwa na serikali ya Tanzania. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais John Magufuli Julai 26, 2019. Kujaza bwawa kulianza Desemba 22, 2022 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Mtambo wa kwanza uliingizwa kwenye gridi Februari 2024, na mitambo yote tisa, kila mmoja megawati 235, ilikamilika Aprili 2025.

Bwawa lina uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, takriban mara kumi ya Mtera. Makadirio ya uzalishaji wa kituo ni takriban gigawati-saa 6,000 kwa mwaka. Mitambo yote tisa ikizunguka mwaka mzima bila kusimama ingetoa mara tatu ya kiasi hicho. Mto hauna maji ya kuwezesha hilo. Ukubwa wa mitambo unasaidia zaidi wakati wa mahitaji makubwa, hasa jioni.

Kituo kinapokea maji ya mito mitatu mikubwa. Kilombero, unaochangia sehemu kubwa zaidi, hukutana na Luwegu na kuwa Rufiji, kisha Ruaha Mkuu hujiunga nao kabla ya bwawa. Maji ya Mtera na Kidatu yanazalisha hapa kwa mara ya tatu, na ya Kihansi kwa mara ya pili.

Mradi ulipingwa na mashirika ya hifadhi kwa kuwa ulijengwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Hofu nyingine ni ya watu wa bonde la chini. Mafuriko ya kila mwaka ndiyo yanayoleta tope lenye rutuba kwenye mashamba ya mpunga na kwenye delta yenye mikoko mingi, na bwawa huzuia tope hilo. Mafuriko makubwa ya Aprili 2024 katika wilaya za Rufiji na Kibiti yalizua mjadala mwingine: wakazi wengi walilaumu maji yaliyofunguliwa bwawani, na serikali ikaeleza kwamba chanzo ni mvua kubwa kupita kawaida na kwamba bwawa lilipunguza madhara.

## Rusumo na vituo vidogo

Kituo cha Rusumo kiko kwenye maporomoko ya mto Kagera, mpakani mwa wilaya ya Ngara na Rwanda. Umeme wake hugawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, kila nchi takriban megawati 27. Kwa Tanzania hicho ni kiasi kidogo, lakini kwa Rwanda na Burundi, nchi ndogo zenye milima na vituo vingi vya megawati chache, ni nyongeza kubwa.

Nyanda za Juu Kusini zina vituo vingi vidogo. Misheni za Kanisa zilijenga mitambo midogo kwa ajili ya hospitali, shule na karakana zao muda mrefu kabla gridi haijafika. Uwemba, karibu na Njombe, ina kituo cha TANESCO cha chini ya megawati moja. Mwenga, wilayani Mufindi, ni kituo cha binafsi cha megawati 4 kilichoanza mwaka 2012. Kinahudumia viwanda vya chai na vijiji vya jirani na kuuza ziada kwa TANESCO.

## Ukame na mgao wa umeme

Miaka ambayo mabwawa yalikauka ndiyo miaka ya mgao. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulisababisha serikali kuingia mikataba na wazalishaji binafsi, ukiwemo mtambo wa IPTL wa megawati 100 uliojengwa Tegeta. Ukame wa 2005 na 2006 ulileta mgao wa saa nyingi kwa siku na kukodishwa kwa mitambo ya dharura. Sakata la mkataba wa Richmond lililotokana na hali hiyo lilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Mgao mkali ulirudi mwaka 2011. Oktoba 2015 vituo vyote vya maji, vyenye uwezo wa megawati 561, vilikuwa vikitoa takriban 105 tu. Novemba 2022 TANESCO ilitangaza upungufu wa megawati 300 hadi 350, katika msimu uleule ambao mto Ruvu ulipungua na mabomba ya maji ya Dar es Salaam yakawekwa kwenye mgao pia.

Wanaoumia zaidi wakati wa mgao ni wale wasio na jenereta: vinyozi, washonaji, mafundi wa kuchomelea, wauza samaki wenye majokofu na wenye mashine za kusaga katika maeneo kama Mbagala, Tandika, Manzese na Bunju.

## Mvutano wa maji ya Usangu

Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji yake katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, ambako kuna mashamba makubwa na madogo ya mpunga wilayani Mbarali, mifugo na ardhioevu ya Ihefu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto umekuwa ukikauka kabisa kwa wiki au miezi wakati wa kiangazi unapopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu pamoja na mifugo yao, na baadaye eneo hilo likaingizwa kwenye hifadhi.

Je, wakulima na wafugaji ndio waliokausha Mtera? Jibu si rahisi. Mifereji ya kiangazi huchukua maji ambayo mto na wanyama wa hifadhi wanayahitaji, na hilo halina ubishi. Lakini Mtera hujazwa hasa na mafuriko ya masika, wala si na maji machache ya kiangazi, na hupokea pia mito ya Ruaha Mdogo na Kisigo isiyopita Usangu. Watafiti waliochunguza suala hilo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walionyesha kwamba utaratibu wa kufungulia maji bwawani nao ulichangia: maji mengi yakitumika mapema katika mwaka, kiangazi hukuta bwawa likiwa tupu. Mchele wa Mbarali nao huliwa na watu haohao wa Dar es Salaam wanaosubiri umeme wa Kidatu.

## Kutoka kituoni hadi nyumbani

Umeme wa Julius Nyerere husafirishwa kwa njia ya kilovolti 400 yenye urefu wa takriban kilomita 160 hadi Chalinze, ambako hupozwa na kuingizwa kwenye gridi. Unguja hupokea umeme wa gridi kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na waya mkubwa zaidi wa megawati 100 uliongezwa mwaka 2013. Pemba huunganishwa kutoka Tanga tangu mwaka 2010.

Kuwa na umeme kituoni hakumaanishi kuwa nao nyumbani. Machi 2024 TANESCO ilieleza kwamba imezima vituo vitano vya maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji, lakini katika maeneo mengi umeme uliendelea kukatika. Transfoma zilizojengwa kuhudumia nyumba chache sasa zinabeba mitaa mizima, na nguzo na nyaya za zamani hazihimili mzigo. Machi 2025 serikali ilieleza nia ya kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa umeme mwingi hupotea njiani unaposafirishwa kutoka kusini na mashariki mwa nchi. Kwa sasa kazi kubwa iliyobaki ni ya njia za kusafirisha, vituo vya kupoza umeme na transfoma za mitaani, pamoja na kutunza misitu na ardhioevu ambako maji ya turbini hizo huanzia.